Kalasinga wanaabudu Mungu mmoja

Umeuliza kama Kalasinga wana miungu wengi, na kama Vaisakhi, sikukuu yao, ni sherehe ya mavuno tu. Hapana, kwa yote mawili.

Mungu wao ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa wala hafi. Kitabu chao, Guru Granth Sahib, kinaanza na tarakimu 1, maana yake huyo Mmoja. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyezaliwa 1469, alikuwa mwalimu, haabudiwi. Na wokovu kwao si kuingia peponi, ni roho kufunguliwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, ikaungana na Mungu. Kinachoifunga ni ubinafsi. Mtu huulegeza kwa kulikumbuka jina la Mungu, kula jasho lake na kugawana alichonacho, lakini anayefungua ni Mungu mwenyewe, kwa neema.

Vaisakhi huwa Aprili 13 au 14. Mavuno ya Punjab, nchi yao ya asili huko Bara Hindi, yamo, ila uzito wake ni mwaka 1699, Guru Gobind Singh, Guru wao wa kumi, alipouliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Walisimama watano, mmoja baada ya mwingine, wakanyweshwa maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga. Ndiyo ikazaliwa Khalsa, jumuiya ya Kalasinga waliokula kiapo cha dini yao.

Ukisafiri Nairobi–Mombasa, shuka Makindu, kwenye hekalu lao. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai. Huulizwi dini yako wala hudaiwi senti. Nimekula pale, dereva wa lori kushoto kwangu, mama na mtoto wake kulia.