Kulinda rangi ya gari jipya Nyanda za Juu Kusini: anza na ndoo, si na polishi

Gari lililotolewa bandarini Dar es Salaam likipandishwa hadi Mbeya, linakuwa limepita Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga na Makambako. Linafika limejaa vumbi, wadudu waliokaukia kwenye bampa na vidoa vya lami ubavuni. Mwenye gari kwa furaha yake analipeleka kuoshwa siku hiyohiyo, linasuguliwa kwa sponji moja kuanzia matairi mpaka kwenye paa, na mikwaruzo ya kwanza inaingia hapo.

Kinachokwaruzwa ni klia, ile tabaka angavu iliyo juu ya rangi yenyewe. Kwa magari mengi ya kiwandani klia ina unene wa maikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ndiyo inayotoa mng'ao, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Fundi akipiga kampaundi (dawa ya kusugulia rangi) ili kuondoa mikwaruzo, anakula sehemu ya klia, na iliyoliwa hairudi. Ukipigiwa kampaundi kila mwaka, siku moja paa na boneti vitaanza kubabuka mabaka meupe, na dawa yake ni kupaka rangi upya. Huku juu ni lazima kuichunga zaidi, kwa sababu mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Baridi ya Juni na Julai isikudanganye. Jua la saa saba mchana linafanya kazi yake vilevile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni namna ya kuosha. Tafuta ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Nunua na glavu ya maikrofaiba ya kuoshea. Weka gari kivulini, boneti ikiwa imepoa. Osha rimu kwanza, kwa kitambaa chake cha peke yake, maana vumbi la breki ni chembe za chuma na hutaki zifike kwenye mlango. Kisha mwagia gari lote maji bila kuligusa. Kama unatumia mashine ya presha, kaa mbali sentimita 30 au zaidi, hasa penye jiwe lililobandua rangi. Acha maji yalainishe tope dakika chache, mwagia tena. Hapo ndipo unapoanza na glavu: paa, vioo, boneti, milango sehemu ya juu, na mwisho kabisa chini ya milango na bampa. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Angalia kitako cha ndoo ya kusuuzia ukimaliza, hasa kwa gari lililotoka barabara ya vumbi jekundu: ule mchanga uliotuama ungekuwa unasuguliwa kwenye rangi yako.

Sabuni ya unga iache kwa nguo. Ni kali, inaondoa nta yote uliyopaka, na punje zisizoyeyuka vizuri kwenye maji ya baridi zinakwaruza. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, ukilitandaza na kulivuta polepole bila kukandamiza.

Sasa kuna tabia moja inayoharibu kuliko zote, nayo ni kufuta gari asubuhi. Kuanzia Juni hadi Oktoba gari linalala nje, linapata vumbi, na alfajiri umande unashuka juu ya vumbi hilo. Mtu anachukua tambara anafuta haraka ili awahi kazini. Huo ni mchanga wenye maji kidogo tu, hautoshi kuelea bali unasagwa. Baada ya miezi kadhaa, simama gari likiwa chini ya taa ya usiku, utaona mistari ya mviringo kama utando wa buibui, na kwenye gari jeusi haina pa kujificha. Kama hakuna maji, futa vioo na taa tu uende. Turubai la kufunikia gari nalo lisiwekwe juu ya gari chafu, upepo ukilitikisa linasugua vilevile.

Gari likishakuwa safi, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi, pitisha vidole juu ya boneti. Ukisikia ukwaruukwaru kama msasa laini, kuna chembe zilizojikita. Udongo wa kusafishia rangi ("clay bar", donge laini la kununua dukani, si udongo wa ardhini) ndio unaozitoa: kata kipande kidogo, lowesha eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa maji yenye shampuu nyingi, telezesha bila kukandamiza, kunja udongo upate upande safi, endelea. Kikianguka chini, kitupe. Usikiokote.

Halafu kinga. Nta ya karnauba, ambayo ni nta ya asili, inapendeza lakini inadumu wiki chache. Siku hizi silanti, yaani kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani, hudumu miezi kadhaa, kwa hiyo paka moja mwanzoni mwa Novemba kabla mvua hazijashika, na nyingine Mei zikikatika. Paka nyembamba sana. Nta nene haiongezi kinga, inakupa tu kazi ya kufuta. Seramiki, kinga ya maji inayopakwa na kukauka ngumu juu ya klia, inadumu miaka, ila inataka gari lisilo na mafuta wala mikwaruzo (chochote kilichopo kitafungiwa chini yake), sehemu isiyo na vumbi, na joto lisiwe chini ya nyuzi 10 hivi. Asubuhi za Julai Mbeya au Njombe hazifai. Fanya ndani, mchana, na gari lisiguse maji kwa saa 24. Gari lililopulizwa rangi mpya gereji lisipakwe nta wala seramiki kabla ya mwezi mmoja au miwili, kwa sababu rangi bado inatoa mvuke. Na yeyote anayekuambia seramiki inazuia mawe ya malori ya Kitonga, usimpe pesa yako. Mawe yanazuiwa na filamu nene ya kubandika, au kwa kukaa mbali na lori.

Kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo: weka tishu iliyoloa dakika kumi, kisha inua, usisugue. Lami hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, lakini osha hapohapo kwa shampuu na urudishie nta.

Jiwe likibandua rangi mpaka chuma kikaonekana, usingoje masika. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha kiwandani cha gari. Kwa Toyota iko pembeni ya herufi C/TR, kwa mfano 202 ni nyeusi na 070 ni nyeupe ya lulu. Safisha kidonda kwa spiriti, dondoshea praima (rangi ya msingi) kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, ikauke, kisha rangi matone membamba mawili au matatu, mwisho klia. Nyeupe ya lulu ina tabaka la ziada katikati, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe rangi zote mbili; ukipaka moja, doa litaonekana la maziwa.