Muulize Anko: Sina kampuni, kwenye beji ya kongamano niandike nini?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni divelopa (mwandika programu za kompyuta) wa kujitegemea, sina bosi sina ofisi, mwaka wa tatu huu natunza laibrari yangu ndogo ya programu huria peke yangu, yaani vipande vya programu ambavyo yeyote anavichukua bure na kuvichomeka kwenye programu yake, watu wanaipakua kila siku ila sijawahi kuona sura ya hata mmoja. Sasa kuna kongamano nalitamani, ila fomu ya kujiandikisha ina sehemu ya "Kampuni" na kale kanyota kekundu kwamba lazima ujaze, basi nimeifungua na kuifunga mara nne. Tiketi yenyewe bei ya matajiri. Na nikifika ntakaa na nani, wote si wanakuja kwa makundi na tisheti zao? Washkaji wananiambia acha ushamba, video zote zitawekwa mtandaoni. Nifanyeje? — *Mtunza laibrari*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hako kanyota maana naona ndo kamekukosesha usingizi. Andika jina la laibrari yako. Basi. Hujadanganya mtu, kwenye mikutano ya programu huria watu wanasoma beji kifuani kabla hawajakuangalia usoni, na ukiandika "kujitegemea" mtu anasoma anapita, ila ukiandika jina la kitu ambacho kipo ndani ya mradi wake tangu mwaka juzi, huyo atasimama katikati ya korido aseme kumbe ni wewe! Nimeyaona haya mara nyingi, na mara zote yule wa kujitegemea ndo anayeona aibu, wakati mwenye kampuni kubwa ndo anaomba kupiga naye picha.

Hela. Hapa usikate tamaa kwa kuangalia kongamano moja, maana hazifanani kabisa. FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels kule Ubelgiji, huwa ni wikendi moja mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, Jumamosi na Jumapili kwenye majengo ya chuo kikuu, na haina tiketi wala kujiandikisha, unaingia tu kama unaingia sokoni (kwa hiyo hata hako kanyota hamna, ungeshalala zamani). DebConf, mkutano wa watu wa Debian (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), unahamahama nchi kila mwaka na una msaada wa chakula, malazi na nauli kwa wanaouomba na kukubaliwa, na si lazima uwe divelopa rasmi wa Debian, wanachoangalia ni mchango wako. PyCon ya Marekani, kongamano la wanaotumia lugha ya programu ya Python, nayo ina mfuko wa kusaidia washiriki. Na hizi zinazouza tiketi, shuka chini ya ukurasa wa bei taratibu, mara nyingi kuna bei ya kampuni juu kabisa kwa maandishi makubwa, afu chini huko kuna ya mtu binafsi anayejilipia mwenyewe na ya mwanafunzi. Ya mtu binafsi ndo yako, usione haya, imewekwa kwa ajili yako.

Kosa ninaloliona sana ni watu kusubiri ratiba ya mada itoke ndo waanze kuomba msaada. Umechelewa ndugu! Maombi ya msaada yanafungwa miezi kadhaa kabla. Na kama unahitaji viza ndo usiseme, ile ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa mfano unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, na wanataka bima ya safari ya angalau euro 30,000, na barua ya mwaliko unaiomba kwa waandaaji mapema maana wanaoziandika ni watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine.

Sasa hao washkaji zako. Wana haki, nusu. Video kweli zinawekwa, FOSDEM wanarekodi karibu vyumba vyote na wanarusha moja kwa moja, na ukiwa pale pale chuoni unaweza kukuta kikaratasi mlangoni kwamba chumba kimejaa ukaishia kuangalia mada kwenye simu ukiwa umekaa kwenye ngazi. Mi kongamano langu la kwanza nilikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile siku mbili nzima, nikakaa kiti cha nyuma, nikaandika notisi, nikarudi nyumbani na stika 11 na sijaongea na binadamu yeyote zaidi ya "samahani, hiki kiti kina mtu?" Nauli yote ile kumbe nimeenda kuangalia video.

Mara ya pili nilienda na bagi moja, sio begi, nasema hitilafu ya programu. Kuna programu ya kutafuta maneno nilikuwa natumia, ukiandika *ng'ombe* inakata neno pale kwenye ile alama, unapata "ng" huku na "ombe" kule, kwa hiyo mtu anatafuta ng'ombe analetewa kila penye "ombe". Nilikuwa nimeripoti miezi saba nyuma, tukajibizana kwa maandishi, mtunzaji wake akawa anadhani nalalamikia kibodi yangu. Siku hiyo nikamkuta chini kabisa kwenye sakafu ya korido, kagombania soketi ya umeme, nikakaa pembeni yake nikafungua laptopu nikaandika neno mbele ya macho yake. Akacheka. Akaniambia subiri, akaandika neno la Kiingereza lenye alama ile ile, nalo likakatika vipande viwili! Kumbe ugonjwa ulikuwepo siku zote ila hakuna Mwingereza aliyeuona kwa sababu hakuna anayetafuta yale maneno yao ya kufupisha, kama *don't*. Unicode, wale wanaoweka viwango vya maandishi kwenye kompyuta, wana kanuni ya kugawa maneno, inasema alama hiyo ikiwa katikati ya herufi usikate, yeye alikuwa ameandika kanuni yake mwenyewe ya kienyeji, akaifuta, akaweka ile ya Unicode, tukajaribu na ng'ambo, ng'oa, ming'oko. Dakika 20 hazikufika.

Kwa hiyo ushauri wangu ndo huo, nenda na kitu kimoja cha mkononi na jina la mtu mmoja unayetaka kumuona. Mtumie ujumbe wiki moja kabla, mistari miwili tu, mi fulani wa laibrari fulani, ntakuwepo Jumamosi, nina swali la dakika kumi. Mada chagua mbili tatu kwa siku, zilizobaki utaziangalia nyumbani na chai yako. Na kama kuna siku za kukaa pamoja na kuandika programu baada ya mada (PyCon ya Marekani wana siku kadhaa za namna hiyo), kata tiketi ya kurudi baada ya hizo siku, sio kabla, maana wenye makampuni wengi wanaondoka na wanaobaki ni watu kama wewe.

Kuhusu utakaa na nani, kuna mtu anaitwa Eric Holscher alileta kanuni ya Pac-Man, watu wakisimama kwenye duara wanaacha pengo la mtu mmoja kama ule mdomo wa Pac-Man, yule duara mla vidoti wa kwenye gemu, mgeni apite. Ukiona pengo ingia, huna haja ya kuomba ruhusa. Na ukishaingia, sogea kidogo, acha lingine.

SWALI: Anko habari za kazi. Nimetuma pendekezo la mada mara mbili kwenye kongamano, mara mbili nimekataliwa. Ni kwa sababu sina jina? — *Mkataliwa*

JIBU: Inawezekana, ila mara nyingi ni kwa sababu pendekezo linasema "Utangulizi wa kitu fulani" na hizo wameletewa arobaini. Andika kilichokuvunjikia na ulivyokirekebisha. Na wakikukataa tena, makongamano mengi yana mada za dakika 5, unajiandikisha pale pale, wakati mwingine kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani asubuhi. Nenda na kalamu yako, ile ya pale huwa imeshaibiwa.

SWALI: Anko, kwenye korido jamaa wa kampuni kubwa alinibana, wanatumia programu yangu, akataka nimuongezee kitu "kabla ya mwisho wa mwezi". Nikasema sawa. Sasa najuta. — *Mpole*

JIBU: Pole Mpole. Ifungue leseni yako, yale masharti uliyoambatanisha na programu, usome, iwe MIT iwe GPL, zote zinasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Huna deni naye. Mwandikie leo, sio kesho, mwambie pale koridoni niliitikia haraka, hiyo ni kazi ya siku kadhaa, bei yangu ni hii, na kama wana haraka zaidi watume pachi yao, yaani marekebisho waliyoyaandika wenyewe, ntaipitia. Wengi wakisoma hivyo wananyamaza. Mi mmoja alinyamaza wiki sita, afu akarudi na ankara imeshapitishwa, na hiyo hela ndo iliyonilipia nauli ya kongamano lililofuata.