Ameoa jini, au ameolewa na jini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri filamu inayohusu dini ya Vodou ya Haiti. Mna mwanamume anayevishwa pete na kufunga ndoa na roho wa kike aitwaye Ezili Freda. Mimi niliandika "ameoa jini". Mwenzangu akasema huyo jini ndiye aliyemtaka, kwa hiyo iwe "ameolewa na jini". Mwingine akaangua kicheko: mwanamume haolewi. Ipi sahihi? Na je, hiki ndicho tunachokiita huku kwetu jini mahaba? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenipa swali ambalo nimekaa nalo siku tatu, maana limegusa kitenzi ninachokipenda kuliko vingi.

Oa ni kitenzi chenye upande. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huoza, binti huozwa, na wawili wakiridhiana huoana. Ukichagua umbo moja umekwisha kusema nani alipeleka posa, nani alitoa mahari na nani alihamia kwa nani. Mtaani mwanamume akiambiwa "ameolewa", maana yake anakaa kwa mke na kulishwa na mke, na hilo ni tusi. Ndiyo maana mwenzako alicheka. Ukiandika hivyo kwenye filamu yako, mtazamaji atasikia tusi ambalo Mhaiti hakulitoa.

Tazama kwanza kinachotendeka Haiti kwenyewe. Wao huiita maryaj lwa, yaani ndoa na lwa, na lwa ndilo jina la hao roho wanaowatumikia. Mara nyingi lwa ndiye anayeanza: humjia mtu ndotoni, au mtu huandamwa na maradhi na mikosi mpaka atambue kwamba anatakiwa. Lakini pete hununua binadamu, na karamu huandaa binadamu. Siku ya harusi Freda humpanda mtu aliyepo pale, akasimama na kusema kwa kinywa cha mtu huyo. Hati huandikwa, viapo hutolewa. Baada ya hapo mume hutenga usiku wa juma ambao ni wa lwa peke yake, na usiku huo halali na mkewe wa kibinadamu. Freda mwenyewe huvaa pete tatu, kwa kuwa ana waume watatu katika lwa: Danbala, Agwe na Ogou. Kiswahili kina ukewenza. Cha kumwitia mume mwenza hatuna neno lililozoeleka.

Basi hapo "ameoa" linapotosha, kwa kuwa posa ilitoka upande wa pili. "Ameolewa" nalo linapotosha, kwa kuwa pete ilitoka upande wake. Andika "amefunga ndoa na Freda". Ndoa ni mtoto wa kitenzi hicho hicho oa, ila ukisema kufunga ndoa, ule upande unaondoka, na ahadi ya wawili inabaki. Kama filamu inasisitiza nani alianza, sema wazi: "Freda alimtaka, naye akafunga naye ndoa."

Sasa neno jini. Mimi nisingelitumia kwa Freda. Jini kwetu limekuja na Uislamu. Msikilizaji anajua kwamba ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto, na kwamba wamo majini waumini na makafiri. "Mungu wa kike" ni kosa kubwa zaidi, maana watu wa Vodou wanamjua Mungu mmoja aliye juu, wanamwita Bondye, na lwa wako chini yake. Neno la kwetu lililo karibu zaidi ni pepo, kwa sababu ya ngoma na namna ya kupanda. Sisi husema mtu amepandwa na pepo, na anayepandwa huitwa kiti. Haiti anayepandwa huitwa chwal, yaani farasi. Huku kiti, kule farasi, na kitenzi ni panda kote kuwili! Hapo tafsiri yako itakwenda yenyewe. Ubaya wa pepo ni kwamba aliyelelewa kanisani atasikia pepo mchafu. Kwa hiyo ningeandika "lwa" tangu mwanzo, nikalieleza mara moja kwa neno pepo, kisha nikaendelea na lwa mpaka mwisho: lwa huyu, lwa hawa.

Jini mahaba ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mahaba ni mapenzi, si ndoa. Watu husema binti fulani ana jini mahaba wakiona posa zinavunjika, au anaota ndoto za kulala na mtu asiyemjua. Husema jini amempenda, amemkalia, anamwonea wivu. Hakuna walii hapo, hakuna mahari, hakuna mashahidi, na binti hakuulizwa. Wanazuoni wa Kiislamu wamejadili tangu zamani kama nikahi kati ya mtu na jini yaweza kuswihi, na wengi wameikataa, wakitaja aya ya 21 ya Sura Ar-Rum inayosema kwamba wenza wetu wameumbwa kutokana na nafsi zetu. Kwa hiyo ukimwandika binti wa watu kwamba "ameolewa na jini", umemfungia mkataba ambao hakuuweka. Sema "ana jini mahaba", au kama wasemavyo majirani zake, "anasumbuliwa na jini mahaba". Kisarufi ni nomino mbili zilizoketi pamoja bila kiunganishi, kama askari kanzu. Hakuna haja ya "jini la mahaba".

Wakatoliki nao wameliangalia neno lao vizuri. Mtawa huweka nadhiri, huvishwa pete, na huitwa bibi arusi wa Kristo. Hawakusema mke. Bibi arusi ni mtu wa siku ile ya harusi, anayengojea. Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380, anasimuliwa kuwa alivishwa pete na Yesu katika maono, na ndivyo anavyoitwa hadi leo.

Umbo ambalo ningependa watafsiri walikumbuke zaidi ni ozwa. Kusini mwa India wasichana wengi walikuwa wakitolewa kwa mungu wa hekalu na kufungwa tali shingoni, ule uzi wa ndoa, na kwa sababu mume wao alikuwa mungu, hawakuolewa na mtu. Waliitwa devadasi. Jimbo la Madras lilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria mwaka 1947. Nimesoma tafsiri inayosema "msichana aliolewa na mungu". Hapana. Aliozwa. Kuna mtu aliyemtoa, mzazi au bibi, na silabi ile moja ndiyo inayomtaja. Ukiifuta, umemficha aliyetoa na ukamwachia mtoto uamuzi ambao haukuwa wake.

Jambo la mwisho, maana najua litakupata. Jini ni ngeli ya ji-ma kwa umbo, lakini ni kiumbe hai, kwa hiyo: jini huyu amekuja, majini hawa wamekuja. "Jini hili" ni la kumkuza au kumdharau. Tena chunga wingi wake. Majini ni wale viumbe, na majini ni ndani ya maji. Filamu yako itamtaja Agwe, lwa wa bahari. Usije ukaandika "mume wa Freda yuko majini" ukadhani umeeleweka. Andika "yuko baharini".