Muulize Fundi: Fishifainda na GPS kwenye kayaki ya Mtera

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nimenunua kayaki ya plastiki ya mtumba, ile ya kukalia juu, wikiendi naenda nayo bwawa la Mtera kuvua perege na kambale kwa ndoano. Sasa nimepata fishifainda, ile mashine ya kuonyesha kina na samaki chini ya maji, yenye GPS humo humo ila vyuma vyake ni vya kufunga nyuma ya boti la injini. Fundi mmoja kasema nitoboe chini nipitishe kile kidude cha kupimia, mwingine kasema nigandishe na supa gluu. Naogopa kuharibu. Na betri niweke ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza drili iache nyumbani. Sehemu ya kayaki inayokaa majini haitobolewi na wala hakuna haja, maana sauti inayorushwa na transdusa, ndo hicho kidude chako, inapita kwenye plastiki bila tundu lolote. Kinachoizuia ni hewa. Kiputo kidogo tu kikibaki kati ya transdusa na plastiki basi skrini haikuonyeshi kitu au inakupa kina cha uongo, kwa hiyo kazi nzima hapa ni kufukuza hewa.

Tafuta sehemu ndani ya kayaki karibu na kiti, unayoifikia kwa mkono kupitia mfuniko, iwe tambarare, na ukishakaa iwe imezama muda wote. Halafu jaribu kabla hujagandisha chochote: paka mafuta ya mgando mengi kwenye uso wa transdusa, ikandamize hapo, ingia majini, washa, kisha pima kina palepale kwa kamba yenye jiwe. Namba zikilingana hapo ndo pake, zisipolingana sogeza ujaribu tena. Wengi wanairuka hatua hii halafu baadae wanabandua silikoni kwa kisu.

Supa gluu hapana. Kayaki nyingi za hivi ni polithini, plastiki ya jamii moja na matanki ya maji, na gundi karibu zote hazishiki humo. Silikoni nayo haishiki kwa nguvu sana lakini huko ndani hakuna kinachoivuta, yenyewe inajaza nafasi tu hewa isikae, na siku ukitaka kuitoa inabanduka. Piga msasa kidogo, futa kwa spiriti, mwaga silikoni nyingi kwa mkupuo mmoja kisha shusha transdusa huku unaizungusha taratibu mpaka hewa itokee pembeni. Iache ikauke siku nzima, usiiguse. Nguvu ya sauti itapungua kidogo na joto la maji itasoma kwa kuchelewa, kwa Mtera hiyo siyo shida. Ila kama mashine yako ni ile inayochora picha za pembeni, hiyo inataka transdusa iguse maji, hapo funga mkono wa kushikia transdusa ubavuni mwa kayaki na uwe ule unaoinuka wenyewe ukigonga kisiki.

Betri chukua kavu ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), zile za alamu na UPS. Mashine ndogo hata ikila nusu ampea muda wote unapata kama saa 7 bila kuishusha betri chini ya nusu, na ukiishusha sana kila safari inakufa mapema. Weka fyuzi kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, saizi waliyoandika kwenye kitabu cha mashine. Betri ikae kwenye boksi lisiloingia maji na ifungwe isitembee. Waya wa transdusa ukizidi urefu usiukate, uzungushe tu, na usiupitishe pamoja na waya za umeme maana skrini inajaa chenga.

Skrini ifunge juu ya deki, hapo kutoboa ruksa, bolti za stenlesi na washa (visahani vya bolti) pana kwa ndani, na isikae mahali kafi linapopita.

Sasa GPS, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wanaifunga halafu hawaitumii. Mtera ina miti mingi iliyokufa imesimama majini tangu bwawa lilipojaa, mingine imekatikia chini ya maji huioni. Na ni bwawa la umeme, maji yanafunguliwa kwenda mtambo wa Kidatu, kati ya kimo cha juu mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na cha chini mita 690 kuna tofauti ya mita 8 na nusu! Kisiki ulichopita juu yake mwezi wa tano bila kukijua, mwezi wa kumi na moja kinakungoja usoni. Kwa hiyo kila kisiki weka alama na andika tarehe na kina cha siku hiyo. GPS inakosea mita kadhaa, kipite kwa mbali. Weka alama pia pale ulipoingilia majini, na sehemu wanazokaa viboko, waulize wavuvi wa pale kabla hujashusha kayaki, na hizo usizisogelee kabisa, jioni ndo usithubutu.

Halafu zima vile vipicha vya samaki. Mashine inaona tawi inakuchorea samaki, Mtera utavua matawi mpaka uchoke. Angalia mistari yenyewe, weka kilohezi 200 (masafa ya ile sauti), na ujue kwa mwale wa sauti wa nyuzi 20 unaona duara la karibu theluthi ya kina, maji ya mita 3 ni upana wa mita 1 tu chini yako. Tafuta mkondo wa zamani wa mto Ruaha au Kisigo, sakafu inaposhuka ghafla weka alama. Maji yakipungua ningeanza kutupa ndoano hapo.

Na jaketi la kuokolea livae, usilikalie.

SWALI: Mimi navua Hombolo, hela ya mashine sina. Simu haiwezi kuwa GPS? Msomaji, Ihumwa.

JIBU: Inaweza, na haihitaji bando, inasoma setilaiti moja kwa moja. Ramani tu ndo uipakue ukiwa nyumbani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji na uifunge kamba kwenye kayaki. Kina haitakuambia, chukua kamba ya manila, piga fundo kila nusu mita, funga jiwe. Hombolo ni bwawa la 1957 na tope limejaa sana, jiwe likizama laini hapo ni tope, likigonga ni mwamba au kisiki.