Kuwapeleka wanafunzi watukutu gerezani ili waogope

Mwalimu, umeuliza kama kuwatembeza gerezani wale vijana watukutu wa kidato cha pili kutawanyoosha. Usiwapeleke. Jambo hili limeshapimwa.

Kule Rahway, New Jersey, Marekani, miaka ya 1970, wafungwa wa vifungo virefu waliwafokea vijana na kuwasimulia ya mle ndani bila kuficha. Sifa zikaenea kila kona. Kisha James Finckenauer wa Chuo Kikuu cha Rutgers akafuatilia vijana 46 waliopelekwa na 35 ambao hawakupelekwa. Baada ya miezi sita, asilimia 41 ya waliopelekwa walikuwa na makosa mapya. Wenzao, asilimia 11 tu. Makundi madogo, na namna walivyogawanywa ilikuwa na kasoro, sawa. Lakini majaribio tisa ya Marekani yalipokuja kujumlishwa, matokeo yalielekea kulekule.

Mkuu wa shule atakwambia wamerudi wamenywea. Kunywea wiki moja si kipimo.

Mimi hiyo nauli ya basi ningemlipa fundi seremala awapokee jioni, saa zile wanazozurura. Na andika leo nani ana makosa gani, muhula ujao ulinganishe.