Mbona jibu letu ni 48 na kitabu kinasema 57?

Nasimamia maabara ya kemia ya kidato cha tano na sita hapa Dodoma, na swali hilo nalisikia kila tunapopima joto linalotoka asidi na besi zikichanganywa. Wanafunzi huilaumu asidi. Mara nyingi asidi haina kosa, joto limetoroka.

Chukua asidi haidrokloriki ya moli 1 (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa lita, sentimita za ujazo 50, uichanganye na sodiamu haidroksaidi ya ujazo na ukali uleule. Kila moli ya maji inayotokea hutoa kilojouli 57 hivi, ila hapo una moli 0.05 tu. Kipimajoto kitapanda nyuzi 7 kasoro kidogo. Ukipoteza nyuzi moja, karibu asilimia 15 ya jibu imekwenda, na kwenye bika ya kioo, madirisha wazi, upepo wetu wa Julai ukivuma, nyuzi moja haikawii kupotea.

Tumia vikombe viwili vyepesi vya povu, kimoja ndani ya kingine, na kifuniko chenye tundu. Kalorimita ya bomu, kifaa cha kupimia joto kinachochoma sampuli ndani ya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, waachieni vyuo vikuu.

Kinachowaponza wengi zaidi ni joto la kuanzia. Maji ya tangi lililoshinda juani yana moto wake, na sodiamu haidroksaidi ikiyeyuka huongeza mwingine. Asidi nayo ndiyo kwanza imetoka stoo, baridi. Andaeni jana yake, chupa zote zilale meza moja. Asubuhi pimeni kila moja; zikitofautiana kidogo, na ujazo ni sawa, chukueni wastani.

Kwa mmenyuko wa polepole, kama unga wa zinki ndani ya mrututu (kopa salfeti), msinakili namba ya juu kabisa mkaondoka. Someni kila nusu dakika, tieni zinki dakika ya tatu bila kusoma, endeleeni hadi ya kumi. Chora grafu, kisha urudishe nyuma mstari unaoshuka hadi dakika ya tatu. Kimo cha hapo ndicho joto ambalo lingefikiwa kama lisingevuja. Mimi grafu hiyo naiamini kuliko kifaa cha bei.

Na korogeni kwa fimbo ya kioo, jamani. Kipimajoto si mwiko.