Kata mapema: kwa wewe unayeanza filamu yako ya kwanza ya uhuishaji

Kabla hujaipenda mno hadithi yako, ipigie hesabu. Filamu hupita kwa kasi ya fremu 24, yaani picha tuli 24, kila sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inadai michoro 12, dakika moja 720, na dakika kumi 7,200. Hiyo ni kwa mhusika mmoja anayesogea muda wote. Akiingia wa pili, naye ana michoro yake. Nawaambia hivi wanafunzi wote wanaoniletea mawazo yao, kwa sababu wengi huja na hadithi ya dakika kumi yenye wahusika sita na vita mwishoni. Mara nyingi hadithi yenyewe ni nzuri kweli, na inaniuma kuwaambia kwamba muhula hautaitosha.

Ushauri wangu: dakika moja hadi mbili, mhusika mmoja au wawili, mahali pamoja. Tafuta mtu anayetaka kitu kidogo na kinachomzuia kukipata. Chukua mzee anayejaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Hana haja ya kusema neno. Vidole vyake vinatetemeka, macho anayakaza, uzi unakosa, anaulowesha mdomoni, anajaribu tena. Mjukuu anaingia na kunyoosha mkono amsaidie, mzee anasita. Katika kule kusita mna filamu nzima, na wewe una nafasi ya kuichora vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanaoanza hulipita mbio kuliko yote: animatiki. Ukimaliza storibodi, yaani michoro inayoonyesha hadithi hatua kwa hatua, piga picha za michoro yako, ziingize kwenye programu ya kuhariri, kila moja uipe urefu wake, kisha uweke sauti za muda, hata kama ni mdomo wako mwenyewe unaoigiza mlango ukifungwa. Hapo una filamu yako nzima, mbaya kwa sura lakini kamili kwa muda. Itazame. Kisha mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, na usimweleze chochote. Mwangalie uso wake wakati anatazama. Pale macho yanapoondoka kwenye kioo, andika sekunde. Ikiisha, mwombe akusimulie alichokiona. Akisema mjukuu alikuja kuchukua sindano, basi mchoro wako wa mkono umesema kitu kingine, na ni heri ulijue leo.

Halafu kata. Ondoa shoti moja, yaani kipande kimoja kisichokatizwa cha filamu, tazama tena. Kama hadithi bado inasimama, isirudi. Kuifuta kwenye animatiki kunakugharimu mchoro mmoja; kuifuta baada ya kuihuisha kunakugharimu siku nyingi za kazi, na ndiyo maana watu huziacha shoti dhaifu ndani ya filamu, wanaona huruma kutupa jasho lao. Rudia hadi uweze kuitazama bila kutamani kuisogeza mbele. Nimeona filamu za wanafunzi zenye michoro ya kawaida kabisa zikishika ukumbi mzima kwa sababu animatiki yake ilifanyiwa kazi kwa subira.

Kama wahusika wanaongea, rekodi sauti kabla ya kuchora, kwa kuwa midomo hufuata sauti. Huhitaji umbo jipya kwa kila herufi. Zingatia hasa m, b na p, ambazo lazima midomo ifunge, na f na v, ambapo meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Hizo zikikosewa, mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Mengine yanasameheka.

Ukianza kuhuisha, chora kwanza mikao mikuu, ile ambayo ukiipanga peke yake kitendo kinaeleweka. Kisha michoro ya kupitia katikati, ndipo ujaze iliyobaki. Hapa kuna jambo la kulijaribu kwa mikono yako kabla ya lolote: sogeza mpira kutoka kushoto kwenda kulia kwa michoro ile ile 12, mara ya kwanza nafasi zikiwa sawa, mara ya pili michoro ikisongamana mwanzoni na mwishoni. Muda haujabadilika, lakini wa kwanza unakwenda kama mashine na wa pili una uzito. Ukilielewa hilo kwa mkono, umeelewa sehemu kubwa ya kazi hii.

Jirekodi kwa simu ukifanya kitendo unachotaka kukichora. Hatua moja ya mwendo wa kawaida huchukua takriban fremu 12, lakini mzee wetu hatembei hivyo, na mwili wako ukimwigiza utakuonyesha anachelewa wapi. Na mpe nafasi ya kutulia. Wanaoanza huogopa utulivu, wanasogeza kila kiungo kila wakati, mpaka mtazamaji hajui atazame nini. Kupepesa jicho na pumzi kidogo kifuani vinatosha.

Usianze na shoti ya kwanza ya filamu wala ile muhimu kuliko zote. Anza na za katikati, zisizo na hatari, mkono upate joto. Ile ya mzee kusita ifanye ukiwa umeshazoea uso wake lakini muda bado upo. Ukiiweka mwisho kabisa, utaichora kwa haraka na uchovu, nayo ndiyo filamu yenyewe.

Kuhusu programu sitasema mengi. Blender ni ya bure na inafanya kazi za pande tatu (3D) na za kuchora pia. Krita na OpenToonz nazo ni za bure kwa michoro ya mkono. Kama huna kompyuta yenye nguvu, kata karatasi. Mhuishaji Mjerumani Lotte Reiniger alihuisha filamu ndefu, iliyotoka mwaka 1926, kwa vivuli vya karatasi alivyovikata kwa mkasi.

Wa pande tatu, hesabieni na muda wa kurenda, yaani kompyuta kuitengeneza kila picha ya mwisho. Fremu moja ikichukua dakika mbili, dakika moja ya filamu ni saa 48, siku mbili nzima kompyuta haigusiki. Renda kwa picha moja moja, si faili moja la video, ili umeme ukikatika uendelee pale ulipofikia. Faili zako ziwe na nakala mahali pawili.

Muziki usiuchukue tu kwa kuwa unaupenda. Matamasha huhitaji uwe na haki ya kuutumia, na ni rahisi zaidi kumwomba mwanafunzi wa muziki akutungie. Tamasha la Annecy nchini Ufaransa, lililoanza 1960, lina kundi la filamu za wanafunzi, na yapo mengine madogo yanayowapokea. Soma masharti yao kabla ya kuiweka filamu kwenye intaneti, maana baadhi hukataa iliyokwisha kuonyeshwa hadharani. Hifadhi pia toleo lisilo na maandishi ya tafsiri juu yake, na orodha kamili ya majina ya waliokusaidia, pamoja na yule aliyekuazima sauti yake.